Seneta wa Illinois, yupi? Miaka minane ya Obama katika bunge la Springfield

Barack Obama alikuwa seneta wa Illinois mara mbili, na vyeo hivyo viwili si kimoja. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 alikaa kwenye Seneti ya bunge la Illinois, mjini Springfield. Kuanzia Januari 2005 hadi Novemba 2008 alikaa kwenye Seneti ya Marekani, mjini Washington. Kiswahili kinaviita vyote viwili "seneta wa jimbo la Illinois", na kwa sababu hiyo miaka minane ya kwanza humezwa na minne ya pili. Wengi wanaijua safari ya mtoto wa baba kutoka Kogelo hadi Ikulu ya Marekani bila kujua kwamba sehemu ndefu zaidi ya siasa zake kabla ya urais ilipita katika bunge la ngazi ya chini, akihangaikia sahihi, kamati na hesabu ya kura 30.

Neno "jimbo" nalo linachanganya. Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Hapa jimbo ni Illinois nzima, yenye watu milioni 12.4 kwa sensa ya mwaka 2000. Kipande anachowakilisha seneta wa Springfield nitakiita eneo la uchaguzi. Yako 59, na baada ya sensa hiyo kila moja lilikuwa na watu wapatao 210,000. Mkenya naye akisikia seneta humfikiria mtu aliyechaguliwa na kaunti akakaa Nairobi. Huyo anakaribiana zaidi na seneta wa Washington. Seneta wa Springfield yuko ngazi moja na mwakilishi wadi kwa maana ya kuwa chini ya bunge la taifa, lakini mamlaka yao hayakaribiani hata kidogo. Bunge la Illinois hutunga sheria za jinai, huamua kama jimbo litakuwa na adhabu ya kifo, hutoza kodi ya mapato, hugharimia shule na kupanga namna uchaguzi unavyoendeshwa. Ukitafuta cha kulinganisha katika nchi zetu, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar ndilo lililo karibu zaidi.

Bunge hilo lina nyumba mbili: Seneti ya watu 59 na Baraza la Wawakilishi la watu 118. Kila eneo la seneta hukatwa nusu mbili, na kila nusu ina mwakilishi wake. Mgombea anatakiwa awe raia wa Marekani, awe na umri usiopungua miaka 21, na awe ameishi katika eneo hilo kwa miaka miwili kabla ya uchaguzi. Muhula wa seneta haulingani kila mara. Katika kila miaka kumi, viti hugawanywa makundi matatu: kundi moja huenda miaka 4, 4 na 2, jingine 4, 2 na 4, la tatu 2, 4 na 4. Ndiyo maana Obama alichaguliwa mwaka 1996, akarudi kwa wapigakura mwaka 1998, kisha 2002. Hakukuwa na mgogoro wowote uliofupisha muhula wake wa kwanza. Eneo lake, namba 13, liliangukia kundi la 4, 2 na 4, naye aliingia kwenye ile 2 ya katikati.

Sahihi 757

Mwaka 1995 eneo namba 13, upande wa kusini wa Chicago ukiwemo mtaa wa Hyde Park, lilikuwa la Seneta Alice Palmer. Palmer aliamua kugombea kiti cha Baraza la Wawakilishi la Marekani kilichoachwa wazi, na akamuunga mkono Obama amrithi Springfield. Obama alitangaza kugombea Septemba 1995. Alikuwa na umri wa miaka 34, mwanasheria aliyefundisha katika chuo kikuu cha Chicago, na miaka mitatu nyuma alikuwa ameongoza kampeni ya kuandikisha wapigakura wapya mjini humo.

Kisha mambo yakageuka. Tarehe 28 Novemba 1995 Palmer alishindwa katika kura ya mchujo, ile ambayo chama huchagua mgombea wake, ya kiti kile: Jesse Jackson Mdogo alikuwa wa kwanza, Emil Jones wa pili, yeye wa tatu. Wafuasi wake wakamwendea Obama wakimwomba ampishe arudi kwenye kiti chake cha zamani. Alikataa. Palmer akaingia ulingoni akiwa na chini ya wiki tatu za kukusanya sahihi za wadhamini.

Sahihi hizo ni lango ambalo mtu wa nje hulipuuza. Mwaka ule mgombea wa useneta wa eneo hilo alihitaji sahihi halali zisizopungua 757 za wapigakura walioandikishwa ndani ya eneo lenyewe. Kila karatasi ilipaswa kuwa na kiapo cha aliyekusanya, kilichoshuhudiwa na mthibitishaji. Karatasi hupewa namba mfululizo, hufungwa pamoja na kuwasilishwa nakala halisi. Baada ya hapo mpinzani ana siku chache tu za kuweka pingamizi, na tume ya uchaguzi huchambua jina moja baada ya jingine ikilinganisha na daftari la wapigakura.

Sahihi huanguka kwa njia zinazojulikana. Mtu ameandika jina kwa herufi za kutenganisha ilhali kadi yake ya uandikishaji ina sahihi ya kuunganisha. Anwani yake iko mtaa wa pili, nje ya mpaka. Amehama bila kubadilisha taarifa zake. Amefutwa kwenye daftari lililosafishwa karibuni, na Chicago ilikuwa imetoka kusafisha daftari lake kwa kufuta maelfu ya majina. Kosa baya kuliko yote ni la mkusanyaji mwenyewe kutokuwa na sifa, kwa kuwa hilo huweza kuangusha karatasi zake zote kwa mpigo.

Obama aliwasilisha zaidi ya sahihi 3,000 siku ya kwanza ya kupokea fomu, karibu mara nne ya kiwango. Palmer alileta zipatazo 1,580 siku ya mwisho. Kwa kuzitazama, ni mara mbili ya zilizohitajika. Watu wa Obama waliweka pingamizi na kukaa na daftari wakizipitia, na Palmer akaonekana amepungukiwa takribani 200. Alijitoa. Wagombea wengine watatu nao wakawekewa pingamizi na wote wakaondolewa. Mchujo wa tarehe 19 Machi 1996 Obama akapita bila kupingwa, na katika eneo ambalo chama cha Democratic hushinda kwa kishindo, uchaguzi wa Novemba ulibaki kuwa wa kukamilisha utaratibu.

Je, ilikuwa haki? Sheria haikuvunjwa, na sahihi zilizoanguka kweli zilikuwa na kasoro. Lakini wapigakura wa eneo lile hawakupata kuchagua kati ya mwanamke waliyemjua na kijana aliyemwondoa, na hilo ni pungufu ambalo uhalali wa taratibu hauwezi kulifidia. Msomaji wa Tanzania aliyezoea kusikia fomu zikienguliwa kwa pingamizi atalielewa jambo hili haraka kuliko Wamarekani wengi.

Upande wa wachache

Aliapishwa Januari 1997 na akajikuta upande usio na nguvu. Chama cha Republican kilikuwa na wingi katika Seneti chini ya Pate Philip. Emil Jones, yule aliyekuwa wa pili katika mchujo wa 1995, aliongoza Democratic walio wachache. Gavana naye alikuwa wa Republican. Baraza la Wawakilishi pekee ndilo lililokuwa la Democratic, likiongozwa na Michael Madigan.

Ili kuelewa maana ya kuwa mchache, fuata mswada unavyotembea. Seneta yeyote anaweza kuuwasilisha. Husomwa mara ya kwanza kwa kutajwa jina tu, kisha hupelekwa kwenye Kamati ya Kanuni, ambayo huamua uende kamati gani, au usiende popote. Wingi wa kamati hiyo ni wa chama chenye wingi bungeni. Mswada usiotakiwa haukataliwi. Hukaa humo hadi muda uishe, na hakuna anayelazimika kuonekana akiupinga. Ukitoka, huenda kwenye kamati ya mada yake, kisha husomwa mara ya pili, hatua ambayo marekebisho hutiwa, na mara ya tatu, ambapo hupigiwa kura. Masomo matatu lazima yawe siku tatu tofauti. Kupita kunahitaji kura 30 kati ya 59 katika Seneti na 60 kati ya 118 kwenye nyumba ya pili. Bunge likichelewa hadi baada ya tarehe 31 Mei, mswada unaotaka kuanza kutumika mara moja huhitaji kura 36 na 71. Hapo ndipo pilikapilika za mwishoni mwa Mei mjini Springfield zinapotoka. Gavana hupewa siku 60: asaini, akatae, au aurudishe na mapendekezo yake ya kubadili vifungu.

Mswada wa kwanza wa Obama ulikuwa mdogo sana: vyuo vya jamii viandae orodha ya wahitimu wa ufundi na kuwapa waajiri. Seneta Rickey Hendon, wa chama chake mwenyewe, alimtania hadharani ukumbini kama ilivyo desturi kwa mgeni anayeleta mswada wa kwanza. Utani huo haukuwa mtupu. Hendon na Donne Trotter, wote maseneta Weusi wa Chicago, walimwona kama msomi wa Harvard aliyetoka kwingine na kurukia foleni. Obama alijenga urafiki mahali pengine: usiku wa poka wa dau dogo na maseneta kama Terry Link, Denny Jacobs na Larry Walsh, watu wa maeneo ya nje ya Chicago. Springfield iko kilomita zaidi ya 300 kutoka Chicago, wajumbe hulala huko katikati ya wiki, na mengi hukubaliwa mezani jioni kabla hayajafika ukumbini asubuhi.

Sheria yake kubwa ya miaka hiyo ilikuwa ya maadili, mwaka 1998. Hadi wakati huo mwanasiasa wa Illinois aliruhusiwa kutumia fedha za kampeni kwa mambo yake binafsi. Paul Simon, aliyewahi kuwa seneta wa Washington, alisukuma mageuzi, na Jones akampa Obama kazi ya kuubeba mswada kwa upande wa Democratic, akifanya kazi na Kirk Dillard wa Republican. Ulipiga marufuku zawadi nyingi kutoka kwa washawishi, ukakataza matumizi binafsi ya fedha za kampeni na kutaka hesabu zitolewe kwa njia ya kielektroniki. Seneti iliupitisha kwa kura 52 dhidi ya 4. Kasoro yake inapaswa kusemwa: waliokwisha kukusanya fedha kabla ya sheria waliachiwa waendelee na salio lao chini ya utaratibu wa zamani. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa kupata kura 52.

Mwaka 2000 ulikuja unafuu wa kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, asilimia 5 ya unafuu kama huo wa serikali ya taifa. Mwanzoni ulipunguza tu kodi ya mtu, kwa hiyo asiyekuwa na kodi ya kupunguziwa hakupata kitu. Mwaka 2003 ulibadilishwa mtu arudishiwe fedha mkononi. Tofauti hiyo ya kifungu kimoja ndiyo inayoamua kama sheria ya maskini inamfikia maskini kabisa au inaishia kwa aliye juu yake kidogo.

Kitufe cha njano

Kwenye meza ya kila seneta kuna vitufe vitatu: kijani cha ndiyo, chekundu cha hapana, cha njano cha "nipo". Obama alibonyeza cha njano karibu mara 130 katika kura zipatazo 4,000, na wapinzani wake wa baadaye waliitumia hesabu hiyo kumwita mtu anayekwepa.

Kwa kuwa mswada unahitaji kura 30 za ndiyo na si kuzidi hapana tu, "nipo" ina uzito uleule wa hapana. Kilichopo ni tofauti ya ujumbe. Baadhi ya kura hizo zilipangwa pamoja na watetezi wa haki ya kutoa mimba, ili wabunge wenye hofu ya wapigakura wao wapate kundi la kujificha. Nyingine zilimaanisha nakubaliana na lengo ila kifungu kina walakini wa kikatiba. Na nyingine, kwa haki, zilikuwa kinga. Mwaka 1999, kwa mfano, alibonyeza "nipo" kwenye mswada wa kuwashtaki kama watu wazima vijana wa miaka 15 na zaidi wanaofyatua bunduki karibu na shule. Mswada ulipita kwa kishindo, kwa hiyo kura yake haikubadili kitu isipokuwa kumbukumbu yake mwenyewe.

Pigo, kisha kofia

Machi 2000 alijaribu kuruka ngazi akampinga Bobby Rush, mbunge wa Washington wa upande wa kusini wa Chicago. Alipata asilimia 30, Rush 61. Miezi mitano kabla yake mtoto wa Rush alikuwa ameuawa kwa risasi, na mji mzima ulikuwa pamoja na baba huyo. Desemba 1999 kura muhimu ya udhibiti wa bunduki ilipigwa Springfield wakati Obama yuko Hawaii, binti yake mchanga akiwa mgonjwa. Mswada ulianguka kwa kura chache. Wapigakura hawakusamehe, na alirudi kwenye kiti chake cha useneta wa Springfield akiwa na madeni. Kiti hicho kilikuwepo bado kwa sababu muhula wake wa miaka minne uliopatikana 1998 ulikuwa haujaisha. Jirani wa eneo lenye mzunguko wa 4, 4 na 2 asingekuwa na bahati hiyo.

Kilichombadilishia njia kilitokea 2001, nacho hakikuwa hotuba. Baada ya kila sensa mipaka ya maeneo 59 huchorwa upya. Katiba ya Illinois inasema bunge likishindwa kukubaliana hadi tarehe 30 Juni, huundwa tume ya watu wanane, wanne kila chama. Tume nayo ikikwama nne kwa nne, majina mawili, moja kutoka kila upande, hutiwa mahali na Katibu wa Jimbo huchomoa moja awe mjumbe wa tisa. Walioandika kifungu hicho walidhani hofu ya bahati nasibu itawafanya watu wapatane. Imekuwa kinyume: kila upande umependa kubahatisha ushindi mzima kuliko kukubali nusu. Mwaka 1981 Democratic walishinda, 1991 Republican. Mwaka 2001 Katibu Jesse White alichomoa jina kutoka kwenye kofia ndefu iliyotengenezwa kwa mfano wa kofia ya Abraham Lincoln, na likatoka la Michael Bilandic wa Democratic.

Ramani ikawa yao. Obama mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya kompyuta Springfield na mtaalamu wa chama akichora eneo namba 13 jipya. Badala ya kunyooka kuelekea magharibi kwenye mitaa ya Weusi maskini, lilipanda kaskazini kandokando ya ziwa, likapita katikati ya jiji hadi kwenye mitaa ya matajiri wa Gold Coast. Alibaki na wapigakura Weusi wa kumtosha, na akaongezewa watu wenye uwezo wa kuchangia kampeni kubwa. Aliyewahi kubishana kuhusu kugawa jimbo la uchaguzi nchini kwetu anajua kwamba kalamu ya mipaka huamua mengi kabla sanduku halijafunguliwa.

Novemba 2002 Democratic walichukua Seneti. Januari 2003 Emil Jones akawa Rais wa Seneti, na Obama mwenyekiti wa Kamati ya Afya na Huduma za Jamii. Mtu ni yuleyule, meza ileile. Sasa miswada yake ilitoka kwenye Kamati ya Kanuni.

Kamera katika chumba cha mahojiano

Sheria inayoonyesha kazi ya mbunge wa ngazi hii kwa karibu zaidi ni ile ya kurekodi mahojiano ya polisi. Illinois ilikuwa imewaua kwa sindano watu 12 tangu irejeshe adhabu ya kifo mwaka 1977, na katika muda huohuo watu 13 waliohukumiwa kifo walibainika kutokuwa na hatia. Gavana George Ryan alisimamisha utekelezaji Januari 2000. Kesi kadhaa zilisimama juu ya maungamo yaliyotolewa kwenye chumba kisicho na shahidi.

Jones alimpa Obama mswada. Polisi, waendesha mashtaka na hata gavana mpya, Rod Blagojevich, hawakuutaka. Obama alikutana nao tena na tena, akipunguza hapa, akishikilia pale. Kilichobaki ni hiki. Sharti lilihusu makosa ya mauaji pekee, na mahojiano ya mtu aliye chini ya ulinzi kituoni. Kurekodi kuanze mwanzo wa mahojiano, si pale mtu anapokubali kuungama, kwa kuwa kipande cha mwisho peke yake hakionyeshi kilichotangulia. Maelezo yasiyorekodiwa huchukuliwa kuwa hayakubaliki mahakamani, lakini mwendesha mashtaka anaweza kuonyesha kwamba yalitolewa kwa hiari na yanaaminika. Mtuhumiwa akikataa kurekodiwa, kukataa kwake ndiko kunakopaswa kurekodiwa. Vituo vilipewa miaka miwili ya kununua vifaa na kufundisha watu.

Seneti iliupitisha bila kura hata moja ya kupinga, gavana akausaini Julai 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Mwaka huohuo ulipita mswada wake wa kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ili takwimu zioneshe nani anasimamishwa zaidi. Uandikaji ulianza Januari 2004.

Kwa rekodi hiyo alishinda mchujo wa useneta wa Washington Machi 2004 kwa asilimia 53 katika kundi la wagombea saba. Usiku wa hotuba yake kwenye mkutano mkuu wa Democratic mjini Boston, tarehe 27 Julai, dunia ilimsikiliza seneta wa Springfield, mwakilishi wa watu 210,000. Novemba alimshinda Alan Keyes wa Republican kwa asilimia 70 dhidi ya 27, na siku mbili baadaye akajiuzulu kiti cha jimbo.

Kiti kikiwa wazi Illinois haiitishi uchaguzi mdogo. Viongozi wa chama katika kata za eneo husika hukutana na kumteua mtu wa chama kilekile ndani ya siku 30. Walimteua Kwame Raoul, mwanasheria, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Januari 2011 Raoul ndiye aliyeubeba katika Seneti mswada wa kufuta adhabu ya kifo Illinois. Ulipata kura 32 dhidi ya 25, na gavana akausaini Machi mwaka huo.